Kuvua rangi ya kiwandani kwenye treni ya plastiki: jibu kwa mwalimu wa Chake Chake

Swali: "Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake. Kaka yangu anayeishi Uingereza kaniletea treni ndogo ya mfano ya Hornby: kichwa kimoja cha kijani na mabehewa mawili, kahawia chini na krimu juu. Nataka kichwa kiwe cheusi na mabehewa yawe krimu tupu, niwaonyeshe wanafunzi kwamba Unguja iliwahi kuwa na gari la moshi la kwenda Bububu. Nilianza kufuta rangi kwa thina ya gereji kwenye pembe ya behewa moja, plastiki ikalainika na alama ya kidole changu ikabaki pale pale. Sasa mmoja ananiambia mafuta ya breki, mwengine Dettol, mwengine kostiki. Dawa za kigeni za kazi hii huku hazipatikani. Nifanyeje?"

Waalaykum salaam, mwalimu. Pole kwa pembe hiyo, wala usione aibu, maana bodi langu la kwanza, yaani ganda la nje la treni ya mfano, nililiharibu zaidi ya hapo. Mjomba wangu alikuwa baharia, akaniletea kichwa cha dizeli cha plastiki alichokinunua bandari moja ya Ulaya. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa gereji hapa Ng'ambo, mjini Unguja, kazi yangu kupuliza rangi matangi ya Vespa na pikipiki. Nilijua thina inatoa rangi, basi. Nikaimimina kwenye bakuli, nikalilaza bodi ndani, nikaenda kusali adhuhuri. Niliporudi paa limelegea kama halua iliyoachwa juani na milango imezama ndani. Rangi ilitoka, hilo siwezi kukataa.

Tangu siku ile, kabla ya kuuliza "dawa gani", nauliza kwanza kama rangi yenyewe ina haja ya kuvuliwa. Na kwa kichwa chako, mwalimu, jibu ni hapana. Wewe unatoka kijani kwenda nyeusi. Rangi ya kiwandani inapulizwa nyembamba na sawasawa, kuliko wengi wetu tunavyoweza kupuliza kwa mkono, na nyeusi inafunika kijani bila shida yoyote. Rangi kama hiyo iache ilipo, iwe ndiyo msingi wako. Kinachotakiwa kuondoka ni nambari, maandishi na mistari ya pambo, kwa sababu hivyo hugongwa juu ya rangi kama mhuri, vikawa na kaukingo kadogo. Ukipaka nyeusi juu yake bila kuvitoa, mwanafunzi mmoja mwenye macho makali atakigeuza kichwa upande wa dirishani, mwanga uje kwa ubavuni, naye atakusomea nambari ya Kiingereza iliyofichwa chini ya rangi yako. Vitoe kwa pamba na spiriti, nitakueleza hapo chini, halafu upitishe msasa mlaini wa 1000 uliolowa maji, uoshe, upige praima, ile rangi ya msingi ya kushikisha, upake. Kichwa kimekwisha.

Mabehewa ndiyo yenye kesi. Krimu juu ya kahawia haifuniki kwa mkono mmoja wala miwili. Utapuliza mara nne, mara tano, na kila mara unaongeza unene. Na palipokutana kahawia na krimu pana kijingazi ambacho hakitafichika. Kuhusu huo unene, fanya hesabu na wanafunzi wako. Mifano ya Hornby ya Uingereza ni ya kipimo cha 1 kwa 76. Rangi ikifika unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hiyo kwenye behewa la kweli ingekuwa milimita 7.6, karibu unene wa penseli. Hebu fikiria behewa la watu lililopakwa rangi nene kiasi hicho: ribiti zote zimezama, fremu za madirisha zimejaa, mpini wa mlango umekuwa kinundu. Ndiyo maana mfano uliopakwa juu kwa juu huonekana kitu cha kuchezea mtoto, hata kama mpakaji ana mkono mzuri. Kwa hiyo mabehewa tutayavua.

Lakini kabla hujalowesha kitu, geuza behewa utazame ndani. Mabehewa mengi ya mifano, hasa ya zamani, hayakupakwa kabisa. Plastiki yenyewe imechanganywa rangi tangu kiwandani, na juu pamepakwa ile sehemu ya pili tu. Ukikuta ndani ni kahawia ile ile ya nje, basi huenda kahawia ni plastiki na krimu peke yake ndiyo rangi. Kwaruza kidogo kwa ncha ya wembe pahali pasipoonekana, ndani ya ukingo wa chini. Ukiona unga wa rangi ile ile mpaka chini, hakuna cha kuvua hapo. Nimeona mtu akiloweka behewa siku tatu, akisubiri plastiki ivuliwe uplastiki wake.

Sasa twende kwenye thina, maana ukielewa kwa nini ilikukosea, dawa nyengine zote utazipima mwenyewe. Bodi lako kwa uwezekano mkubwa ni polistirini, au ndugu yake aitwaye ABS. Polistirini unaijua sana: lile povu jeupe linalofungiwa televisheni na friji ndiyo hiyo hiyo, ila imejazwa hewa. Na bila shaka umewahi kuwaona vijana wakivunja vipande vya povu lile ndani ya kikombe cha petroli kutengeneza gundi. Kipande kinazama kama sukari kwenye chai. Polistirini kwa umbile lake inakaribiana na mafuta ya ardhini, kwa hiyo vimiminika vya ukoo huo, kama petroli na thina, pamoja na asetoni iliyomo katika dawa ya kufutia rangi ya kucha, huingia katikati ya nyuzi zake na kuziachanisha. Thina ya gereji mara nyingi ni mchanganyiko wenye tuluini na asetoni. Haichagui kati ya rangi na plastiki.

Fanya jaribio hili nje ya nyumba, mbali na moto: weka kipande cha povu kwenye kijiko cha petroli, na kipande kingine kwenye kijiko cha spiriti. Cha petroli kitatoweka mbele ya macho yako. Cha spiriti kitaelea pale mpaka kesho. Hapo ndipo lilipo jibu lako. Tunatafuta kimiminika kinachoichukia rangi na kisichoijua plastiki. Wala hakiyeyushi rangi, kama watu wanavyodhani. Kinapenya kwenye utando wa rangi, utando unavimba, unakosa nafasi, unajikunja na kuachia plastiki, kama utando wa juu wa maziwa yaliyochemka ukiusukuma kwa kijiko.

Katika hao washauri wako watatu, hakuna aliyesema uongo, lakini hakuna aliyetaja dawa ambayo mimi ningeanza nayo. Mimi ningeanza na alkoholi ya isopropili, na ikikosekana, spiriti ya kawaida. Mwalimu, usiende moja kwa moja duka la dawa. Nenda kwa fundi simu. Mafundi simu wanatumia isopropili safi, ya asilimia 99 hivi, kusafishia bodi za simu zilizoingia maji, na huijua inapouzwa hapo hapo mjini kwako. Ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji. Inafanya kazi, ila polepole, na rangi nyengine itaikataa kabisa. Spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko nayo inafaa. Mimi niliponunua lita nzima ya spiriti mara ya kwanza, mwenye duka alinitazama mara mbili, akaniuliza kwa upole kama nyumbani salama. Nikamwambia ni ya treni. Nadhani hapo ndipo wasiwasi wake ulipozidi.

Dettol nayo si uzushi. Kwa miaka mingi watengenezaji mifano wa Uingereza wamekuwa wakiitumia, na sababu ipo: ndani yake mna alkoholi na mafuta ya msonobari, ambayo kwa pamoja yanailegeza rangi ya akriliki vizuri. Ni ile dawa ya majimaji ya kahawia ya kuulia vijidudu, haikusudiwi sabuni ya Dettol, na inatumika bila kuchanganywa na maji. Hapo kwenye maji ndipo wanapoumbuka. Mtu analoweka vizuri, rangi inalegea, halafu kwa furaha anaipeleka chini ya bomba. Papo hapo Dettol inageuka maziwa, na ile rangi iliyolegea inakuwa ulimbo, inanata kwenye kila mfereji na kila ribiti. Ukitumia Dettol, sugua na usuuze kwa Dettol ile ile mpaka rangi yote itoke, halafu sabuni ya vyombo bila maji, ndipo maji. Na harufu utakaa nayo wiki, wanafunzi watadhani umetoka hospitali.

Mafuta ya breki najua yanavyokwangua, kuliko ninavyotaka kujua. Fundi pikipiki yeyote atakwambia: tone moja likidondoka kwenye tangi, asubuhi yake rangi imefura kama chapati. Yanayofanya hivyo ni yale ya DOT 3 na DOT 4. Ya DOT 5 ni ya silikoni, hayatoi kitu, kwa hiyo soma chupa. Kwa rangi kongwe ya mafuta iliyopakwa na mtu kwa brashi, isiyosikia spiriti, naweza kuyatumia. Kwa rangi ya kiwandani siyahitaji. Na kwenye ABS nayaogopa: plastiki ile hutoka kwenye kalibu ikiwa na mkazo ndani yake, hasa kwenye vile vindoano vinavyoshikilia paa na kwenye vinguzo vya skrubu, na mafuta ya breki yakikaa saa nyingi huipata ile sehemu yenye mkazo na kuipasua. Bodi linatoka jeupe, safi, zuri. Unalibana tu lirudi mahali pake, tak.

Kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, ninakuomba uiache. Siyo kwa ajili ya plastiki, kwani polistirini haiidhuru. Ni kwa ajili ya macho yako. Ile kazi inayofanya kwenye sabuni, kuyageuza mafuta, ndiyo inayoifanya kwenye rangi ya mafuta, na kama utawauliza kina mama wanaopika sabuni ya mwani kule Paje watakueleza wanavyoiheshimu. Kwa rangi za siku hizi faida yake ni ndogo, na ikigusa alumini inatoa gesi inayoshika moto. Nyumba yenye watoto haina haja nayo.

Basi tuseme una nusu lita ya isopropili mkononi. Fungua behewa kwanza. Paa la mabehewa mengi limeshikwa na vindoano tu. Tafuta mwanya kwa ukucha au kadi ya simu ya zamani, usitie bisibisi, itaacha jino. Vioo vya madirisha vitoe vyote. Hivi ndivyo vinavyolia kwanza: plastiki ya kioo ikiguswa na alkoholi huweza kupata nyufa nyembamba kama nywele, au kufanya ukungu ambao hautoki tena. Toa bogi (vigari vya chini vinavyobeba magurudumu), kulabu, magurudumu, viti kama vipo. Kibaki kiganda kitupu. Kioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kwa sababu mafuta ya vidole yanazuia dawa isipenye.

Halafu jaribu. Lowesha ncha ya kijiti cha pamba cha masikio, kiweke ndani ya bodi, upande usioonekana, dakika kumi. Pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza kama kwenye sahani, endelea. Ukihisi unang'ang'ania, hata kidogo, simama. Hiyo plastiki si ya dawa hiyo. Usiruke hatua hii kwa sababu mimi nimesema isopropili ni salama. Mimi sijaliona behewa lako.

Chombo cha kulowekea ni tabu kidogo. Behewa la mita 20 kwa kipimo hicho ni sentimita 26 hivi, na beseni la urefu huo litakula lita tatu za dawa. Wenzetu wa ng'ambo hutumia mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, dawa kidogo, mfuko unaukunja ukaribiane na bodi. Huku kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kitambo, kabla hata ya Bara, kwa hiyo mimi natumia dumu la mafuta ya kula la lita 5: nalilaza ubavu, nakata dirisha refu upande wa juu, mfuniko nimeukaza. Dumu lile halidhuriki na alkoholi, na ule umbo wake mrefu unakutosha.  Dawa ikifika nusu ya bodi yatosha, utaligeuza. Funika juu kwa kipande cha bati au sahani pana, maana kwa joto letu alkoholi inaruka hewani huku unaitazama, na weka kivulini penye upepo, barazani au chini ya mti.

Na moto, mwalimu. Mvuke wa isopropili unashika moto hata kwenye ubaridi wa nyuzi 15, sembuse nyuzi 30 za Pemba. Hakuna jiko la mkaa, hakuna gesi, hakuna sigara, wala usilifanye jikoni wakati mama watoto anapika. Mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri. Mtu anaweza kuungua kabla hajajua kinachowaka. Vaa glavu, na usije ukachanganya na Jik kwa kudhani unaongeza nguvu. Jik na alkoholi vikikutana vinazaa sumu.

Tazama baada ya nusu saa. Mara nyingi maandishi ndiyo yanayoondoka kwanza, yanaelea kama vipande vya herufi. Halafu kwenye ncha kali, pembe za paa na kingo za madirisha, utaona rangi imeanza kukunjamana. Hapo uchukue mswaki mlaini wa zamani, usugue ukiwa ndani ya dawa, kwa kufuata mistari ya behewa, usizungushe. Usikwangue kwa chuma chochote. Kwa zile kona ambazo mswaki haufiki, kati ya bawaba na mlango, chini ya fremu, silaha yangu ni njiti ya chelewa. Ng'oa moja kwenye ufagio, ichonge ncha kwa wembe, iloweke dakika chache iwe na ubishi kidogo tu. Ni ngumu kuliko rangi iliyolegea na laini kuliko plastiki. Nimejaribu vijiti vya meno, vinavunjika. Nimejaribu sindano, zinachora. Chelewa haijaniangusha.

Isipotoka, irudishe ndani, nenda ukafundishe, urudi. Saa mbili, saa nne, usiku mzima. Siyo kosa. Rangi nyengine hutoka tabaka moja ikaacha jengine chini, la kijivu au jeupe. Hiyo ni praima ya kiwandani, na kama imeshika sawasawa iache, umeshapata msingi wa bure. Usishindane na dawa kwa nguvu za mkono. Aliyevunja ngazi ya behewa kwa kusugua hawezi kuirudisha, na ngazi ile ni nyembamba kama mbavu ya dagaa.

Baadhi ya vitu vitabaki. Kivuli cha maandishi mara nyengine kinabaki kama doa kwenye plastiki hata rangi ikiisha, kwa sababu wino umeingia. Kipake dawa ya meno, sugua kwa kijiti cha pamba, au ufutio wa penseli. Kikigoma kabisa, krimu yako itakifunika, almuradi hakina ukingo. Kichwa kile cha kijani ndivyo utakavyokifanya: pamba iliyolowa spiriti juu ya nambari tu, kwa dakika moja moja, unafuta, unatazama, unafuta tena, unaacha kijani ikibaki pande zote. Kijani ikianza kuchafua pamba, punguza mkono.

Kwenye kuosha kuna jambo la kwetu ambalo hutalisikia kwa wazungu. Maji yetu mengi yanapita kwenye miamba ya matumbawe, yana chokaa, na yakikauka juu ya plastiki yanaacha alama nyeupe ambazo rangi itakaa juu yake kisha itabanduka. Osha kwa sabuni na maji yoyote uliyonayo, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Kopo moja linatosha. Kung'uta, weka kivulini juu ya kitambaa, siku nzima. Usilianike juu ya bati, wala usiliache ndani ya gari lililofungwa. Kiganda chembamba kile hakihitaji kuyeyuka ndipo kipinde, joto la mchana tu linaweza kukipindisha, na behewa lililopinda halikai tena kwenye chesisi yake. Kuanzia hapo lishike kwa ndani, au kwa glavu. Kidole kilichopaka mafuta ya nazi asubuhi kitaonekana kwenye krimu.

Praima ya kijivu kwanza, nyembamba, halafu nyeupe, ndipo krimu. Kama utatumia rangi ya kopo ya kupuliza, ya magari na pikipiki, kumbuka ndani yake mna jamaa wa thina yule yule. Mikono miwili ya mwanzo iwe vumbi tu, kopo mbali, upite haraka, ikauke kabla haijapata nafasi ya kuloweka plastiki. Na chagua siku. Masika usipulize. Unyevu wa hewa unaingia kwenye rangi ya laka inapokauka, rangi inafanya ukungu mweupe, na kwenye ile nyeusi ya kichwa utauona mpaka kiama. Mimi hungoja kaskazi, asubuhi jua likishapanda na umande umekwisha, kabla upepo haujaamka na vumbi lake. Kama huwezi kungoja, pata akriliki ya maji upake kwa brashi laini, mikono mitatu miembamba.

Kwa Bububu yenyewe umenifurahisha. Wengi hawajui kwamba kabla ya reli ile, iliyoanza 1905 ikitokea karibu na Ngome Kongwe kwa kiasi cha maili 7, Sultani Sayyid Barghash alishakuwa na reli yake ya kwenda Chukwani. Wanafunzi wakikuuliza kama treni yako ni sawasawa na ile, waambie njia ya Bububu ilikuwa nyembamba, futi 3 baina ya reli na reli. Kwa kipimo cha 1 kwa 76 ingekuwa milimita 12, na reli za Hornby ni milimita 16.5. Waache wapime kwa rula. Ni somo la hesabu la bure, na hakuna atakayekudai urekebishe magurudumu.

Ile pembe iliyolainika usiiguse. Najua kidole kinawasha kuisawazisha, lakini hivi sasa ndani yake kuna thina ambayo bado inatoka, na kila ukiibonyeza unaizidishia. Iache wiki nzima penye upepo. Itarudi kuwa ngumu, ingawa haitarudi umbo lake. Halafu kata msasa wa 400 uubandike kwenye kijiti bapa, lowesha, sawazisha ile alama ya kidole, umalizie na wa 800 na 1000. Palipobaki shimo jaza paste ya magari, ile laini ya kumalizia, kidogo kidogo, maana nayo ina thina. Tabaka jembamba, likauke siku, jengine. Behewa hilo lifanye la mwisho, baada ya kupata mkono kwenye lile zima. Sehemu hiyo usiilaze tena ndani ya dawa muda mrefu; ifute kwa pamba tu.

Dawa iliyotumika usiimwage. Ichuje kwa kipande cha kanga kuukuu, rangi ibaki kwenye kitambaa, na alkoholi irudi kwenye chupa yenye alama, mbali na watoto. Itafaa mara tatu nne zaidi. Ule utope wa rangi uache ukauke juani kwenye kopo, mahali pa wazi, ndipo utupe pamoja na taka ngumu. Kama utaishia kwenye mafuta ya breki, hayo yapeleke gereji. Usiyamwage uani wala karibu na kisima. Chini yetu ni jiwe lenye matundu, na unachomwaga leo nyuma ya nyumba jirani yako anaweza kukiteka kesho kwenye ndoo.